Maswali ya Wasomaji: Kampuni Imekubali Kutoa, Mhasibu Wake Amekataa

Barua za safari hii zinafanana: asasi imeongea vizuri na meneja, picha zimepigwa, kisha faili likafika kwa mhasibu wa kampuni na kukaa huko. Tukumbushane jambo moja kabla ya kujibu. Uganda haina sheria inayoilazimisha kampuni kutenga asilimia fulani ya faida kwa ajili ya jamii, tofauti na India ambako sheria ya makampuni ya 2013 inazitaka kampuni kubwa zitoe 2%. Hapa kwetu anayetoa anatoa kwa hiari, na anaweza kughairi kwa sababu ya karatasi moja tu.

Sisi ni kikundi cha watu 25, tuna cheti cha CBO (asasi ndogo ya kijamii) kutoka wilayani. Kampuni moja ya hapa mpakani imekubali kutuchimbia kisima cha pampu, lakini ofisi yao ya Kampala inasema inatoa kwa NGO peke yake. Ni lazima tupande ngazi?
*Katibu wa kikundi, Busia*

Ndugu katibu, anza na eneo la kazi kabla ya kufikiria cheti. Sheria ya NGO ya 2016 inaitambua CBO kuwa asasi inayofanya kazi katika gombolola (ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya) na kushuka chini. Kisima kimoja katika kijiji kimoja kiko ndani ya mipaka yenu kabisa. Mkiwa na mpango wa visima katika magombolola manne, hapo mmeshatoka nje ya cheti chenu, na hata kampuni ikikubali, afisa maendeleo ya jamii wa wilaya atawauliza.

Mara nyingi maneno "tunatoa kwa NGO tu" ni lugha ya fomu. Anachotafuta mtu wa Kampala ni chombo kilichosajiliwa, chenye kibali ambacho hakijaisha, chenye TIN (namba ya mlipakodi) na akaunti ya benki kwa jina lake chenyewe. Mpelekeeni hivyo vyote kwa pamoja: nakala ya cheti na kibali, katiba, muhtasari wa kikao kilichoidhinisha mradi ukiwa na sahihi za wanachama waliohudhuria, barua ya gombolola inayosema mnajulikana, na barua ya benki inayothibitisha akaunti. Mkituma kimoja leo na kingine wiki ijayo, faili lenu litarudi chini ya rundo kila mara.

Wakishikilia msimamo, ipo njia ya katikati: NGO iliyokwisha sajiliwa, yenye kibali cha kufanya kazi wilayani kwenu, ipokee fedha kwa niaba yenu. Hapo muandike hati ya makubaliano ya pande tatu, yaani kampuni, NGO hiyo na nyinyi. Hati itaje NGO itabaki na asilimia ngapi kwa usimamizi, italipa fundi ndani ya siku ngapi tangu kupokea ankara, na kisima kitakuwa mali ya nani. Vikundi vingi husaini na NGO peke yake, kampuni ikiwa haimo. Fedha zikichelewa, hamna wa kumuuliza.

Na kwa kuwa ni kisima, mhasibu atauliza jambo ambalo vikundi husahau: ardhi ni ya nani? Mwenye shamba aandike kwamba ametoa kipande hicho, ataje vipimo vyake na njia ya kupita watu, mkewe na watoto wake wakubwa watie sahihi, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ashuhudie kwa muhuri. Pampu ikishawekwa bila karatasi hiyo, siku mzee akifariki warithi hufunga geti. Ongezeni majina ya kamati ya watumiaji maji na kiasi ambacho kila kaya itachangia kwa mwezi kwa ajili ya vipuri. Kampuni haipendi kuona nembo yake juu ya pampu iliyokufa.

Tumesajiliwa URSB (ofisi ya usajili wa makampuni) kama kampuni isiyo na hisa, yaani ya dhamana, na cheti tunacho. Kampuni tuliyoiomba imerudisha maombi ikisema "hamjasajiliwa". Wanatutania?
*Mwenyekiti wa bodi, Arua*

Hawawatanii, mzee. Cheti cha URSB kinasema mmezaliwa, ruhusa ya kufanya kazi ni jambo jingine. Hatua zipo tatu, na watu huchanganya ya kwanza na ya pili kila siku.

Ya kwanza ni URSB. Mnahifadhi jina, kisha mnawasilisha waraka wa kuanzisha kampuni na kanuni zake, mnapewa cheti. Tangu marekebisho ya Sheria ya Makampuni ya 2022, URSB pia inataka taarifa za wamiliki nufaika, yaani watu halisi wanaoidhibiti asasi hata kama hakuna anayegawana faida. Bodi nyingi husema "sisi hatuna mwenye mali" na kuiacha fomu hiyo. Sheria haikuzisamehe kampuni za dhamana.

Ya pili ni usajili wa NGO na kibali. Kazi hii ilikuwa ya Ofisi ya Taifa ya NGO. Kwa marekebisho ya sheria ya 2024 imerudishwa kuwa idara ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Hapo mnapeleka cheti cha URSB, katiba, mchoro wa uongozi, vitambulisho vya waanzilishi, azimio la wanachama la kuomba usajili, mpango kazi na bajeti, maelezo ya fedha zitatoka wapi, na mapendekezo ya kamati ya wilaya inayosimamia NGO. Mnatoka na karatasi mbili: cheti cha usajili, na kibali. Kibali kina tarehe ya mwisho. Hakizidi miaka 5. Anzeni kukihuisha miezi 6 kabla hakijaisha, maana mapendekezo na hesabu zilizokaguliwa hazipatikani kwa wiki moja. Mnamo Agosti 2021 serikali ilisimamisha asasi 54 kwa mpigo, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni vibali vilivyokwisha muda, kutowasilisha ripoti za mwaka, na kufanya kazi bila usajili. Tangu hapo wahasibu wa makampuni hukitazama kibali kabla ya kusoma hata jina la mradi.

Ya tatu ni wilaya. Hata mkiwa na kibali cha taifa, hamruhusiwi kuanza kazi katika wilaya mpaka kamati ya NGO ya wilaya na serikali ya mtaa ziwakubalie, na mtie sahihi hati ya makubaliano na serikali hiyo. Kibali kikitaja Arua, nanyi mkataka kupeleka mradi Yumbe, hesabuni kwamba safari ya ofisini inaanza upya kule. Mkipeleka barua ofisi ya wilaya, bebeni nakala mbili: moja ibaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo ndiyo ushahidi wenu siku faili litakapopotea, na mafaili hupotea.

Sasa kuhusu lililowakwamisha. Katika nakala mlizotuma, cheti cha URSB kina neno "Development" kwa kirefu na "Limited" mwishoni. Benki imeandika "Dev't", bila "Limited". TIN ina "Development" lakini imeacha "West Nile". Kwenu ni asasi moja. Kwa mfumo wa malipo wa kampuni ni tatu. Chagueni jina la cheti cha URSB, herufi kwa herufi, kisha pitieni benki, URA (mamlaka ya mapato), NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), muhuri na kichwa cha barua mpaka vyote vifanane. Benki itadai azimio la bodi ili kubadilisha jina la akaunti, kwa hiyo fanyeni kikao kimoja kwa yote. Muhuri wa zamani uvunjeni, msiuweke droo. Ukibaki, kuna siku mtu atautumia.

Mhasibu wa kampuni anataka "barua ya msamaha ya URA". Sisi ni asasi ya hisani, hatufanyi biashara. Barua hiyo ni ya nini, na yeye inamhusu nini?
*Mama mlezi wa kituo cha watoto, Kisenyi, Kampala*

Inamhusu sana, mama, pengine kuliko inavyowahusu nyinyi.

Sheria ya Kodi ya Mapato inairuhusu kampuni kupunguza mchango wake kwenye pato linalotozwa kodi, ikiwa imempa mpokeaji aliyetajwa na sheria: taasisi ya dini, ya hisani au ya elimu yenye sura ya umma, au chama cha michezo ya ridhaa. Na mpokeaji huyo awe na uamuzi wa maandishi wa Kamishna wa URA kwamba ni asasi iliyosamehewa kodi; uamuzi huo ndio barua mnayoulizwa. Kujiita hisani hakutoshi, wala kuwa na kibali cha NGO. Punguzo lenyewe lina dari: 5% ya pato linalotozwa kodi, likihesabiwa kabla ya kutoa mchango huo.

Chukueni kampuni yenye pato la shilingi milioni 800. Dari yake ni milioni 40. Ikiwapa milioni 60 nanyi mna barua, itapunguza milioni 40. Kwa kodi ya 30% imeokoa milioni 12. Ile milioni 20 ya juu haipunguzwi. Msipokuwa na barua haipunguzi hata shilingi, na mchango uleule unaigharimu milioni 12 zaidi. Ndiyo sababu mhasibu hana haraka. Asasi iliyoko jirani yenu ikiwa na barua, atawashauri wakubwa wake waende huko, na kwa hesabu zake yuko sawa.

Ikitoa vitu badala ya fedha, thamani inayohesabiwa ni ile iliyo ndogo kati ya gharama ya mtoaji na bei ya soko. Kompyuta iliyonunuliwa kwa milioni 2 na leo inauzika kwa 300,000 inahesabiwa 300,000. Mkiombwa mwandike kwenye barua ya shukrani kwamba mmepokea "kompyuta za milioni 20", msiandike. Andikeni idadi, aina, namba za mashine na hali zilivyokuwa. Kukadiria thamani ni kazi ya mhasibu wao.

Ili kupata barua, mnaiomba URA mkiambatisha cheti, katiba, kibali, maelezo ya kazi mnazofanya na hesabu. Kinachoangusha wengi ni katiba. URA inasoma kuona kama kuna mlango wa mtu binafsi kunufaika: kifungu kinachoruhusu wanachama kugawana mali asasi ikivunjwa, mwanzilishi kubaki mwenyekiti maisha yake yote huku akijilipa, au nyumba ya ofisi iliyoandikwa jina la mkurugenzi. Weka wazi kwamba asasi ikivunjwa, mali iliyobaki itaenda kwa asasi nyingine yenye malengo yanayofanana, na kwamba hakuna mwanachama atakayegawiwa pato. Mshahara wa kazi halali hauna tatizo, ilimradi uko kwenye mkataba na unalingana na kazi. Barua ikitoka, tazameni tarehe yake ya mwisho, muiandike ukutani pamoja na ile ya kibali.

Halafu msilale. Msamaha huo ni wa kodi ya mapato ya asasi peke yake. Mfanyakazi anayelipwa zaidi ya 235,000 kwa mwezi bado mnamkata PAYE, yaani kodi ya mshahara. NSSF ni lazima hata mkiwa na mfanyakazi mmoja, tangu marekebisho ya 2022: 5% kutoka kwake na 10% kutoka kwenu. Vyote viwili vifike kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita. Ritani ya mwaka inawasilishwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, hata kama kodi ni sifuri. Mkifungua duka au saluni isiyohusiana na kazi za kituo, faida yake inatozwa kodi kama ya mtu mwingine yeyote. Pango mnalopokea kwa nyumba yenu halitozwi kodi ikiwa lote linatumika katika kazi za hisani za asasi.

Na kwa kuwa ni kituo cha watoto: wakilala hapo, kuna idhini nyingine kabisa ya makao ya watoto chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kibali cha NGO hakichukui nafasi yake. Kampuni yenye mwanasheria makini itaiuliza kabla ya URA.

Tuliahidiwa milioni 20 kwa mashindano ya vijana. Zimeingia milioni 18 na laki nane. Kuna mtu amekula?
*Mratibu wa michezo, Jinja*

Hajala mtu. Milioni 1.2 iliyopungua ni 6% kamili, yaani kodi ya zuio. Kampuni zilizoteuliwa na URA hukata kiasi hicho zinapolipia bidhaa au huduma ya zaidi ya milioni 1. Swali ni kwa nini mchango wenu umehesabiwa kuwa huduma.

Jibu liko kwenye mkataba. Umeandikwa kwamba nembo ya kampuni itakaa kwenye jezi, mabango mawili yatasimama barabarani, na jina la kampuni litatangulia jina la mashindano. Hayo ni matangazo, na kampuni imeyanunua kutoka kwenu. Upande wao jambo hili lina faida: gharama ya matangazo hupunguzwa yote kwenye pato bila ile dari ya 5%, na bila kuhitaji barua yenu ya msamaha. Kwa asasi changa isiyo na barua hiyo, mlango wa bajeti ya masoko huwa wazi zaidi kuliko ule wa hisani, mradi mjue mmeingia kupitia upi. Upande wenu ni malipo ya huduma. Dai cheti cha kodi ya zuio chenye TIN yenu, kwa kuwa fedha hiyo imeingia URA kwa jina lenu na mtaitumia kwenye ritani. Kama asasi imesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), jueni kwamba matangazo hayo yanatozwa 18%, na bei ya mkataba iseme waziwazi kama VAT imo au haimo.

Mkitaka mchango wa kweli, mkataba useme ni zawadi, kampuni haipati malipo yoyote kwa kurudi, na nembo ibaki pale kwenye orodha ya shukrani. Mchanganyiko pia unawezekana, lakini iwe mikataba miwili.

Sisi ni wakimbizi kutoka Kongo. Tunaweza kusajili asasi na kuomba fedha za kampuni, au lazima tumweke Mganda mbele?
*Kikundi cha washonaji, Nakivale*

Mnaweza, na msimweke mtu mbele. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa haki ya kuunda vyama visivyo vya siasa na visivyo vya faida. Kwa kazi ya ndani ya makazi, CBO ya wilaya ya Isingiro inatosha. Pateni kwanza barua ya kamanda wa makazi, kwa sababu Ofisi ya Waziri Mkuu ndiyo inayosimamia shughuli zote humo, na wilaya itaiulizia. Mkwamo wenu utakuja kwenye fomu za kampuni zenye kisanduku cha NIN (namba ya kitambulisho cha taifa). Msikiache kitupu wala kuazima namba ya mtu. Andikeni namba ya kitambulisho cha mkimbizi, ambatisheni nakala, na ulizeni benki mapema kama inakikubali kwa watia sahihi wote wa akaunti. Mganda mnayemwamini anaweza kuwa mjumbe wa bodi kama wengine, si mmiliki wa akaunti.

Kampuni inataka picha za wanafunzi waliopewa vitabu. Kuna ubaya?
*Mwalimu, Bombo*

Hakuna ubaya, ila kuna sheria, ya ulinzi wa data binafsi ya 2019. Mzazi au mlezi atie sahihi kabla ya picha kupigwa, na karatasi ieleze picha itakwenda wapi: ripoti ya ndani, gazeti au mabango. Ruhusa ya ripoti haifiki kwenye bango. Msiweke jina la mtoto, shule na kijiji chake chini ya picha moja. Asasi inayokusanya taarifa za watu inapaswa pia kujisajili na ofisi ya ulinzi wa data na kuhuisha kila mwaka.

Akaunti ilikuwa inachelewa kufunguliwa, kampuni ikatuma milioni 10 kwenye simu ya mweka hazina wetu. Sasa wanataka taarifa ya matumizi. Tufanyeje?
*Msomaji, Kasese*

Kama bado ziko kwenye simu, msizitoe kidogokidogo. Mwandikieni mtoaji leo, mkitaja tarehe, kiasi na namba ya muamala, na kwamba mnazihamishia benki akaunti ikishafunguka. Mkitoa taslimu milioni 10, kodi ya kutoa ya 0.5% peke yake ni 50,000, bila makato ya mtandao. Waulizeni kwa maandishi kama makato hayo wanayakubali kwenye bajeti, la sivyo mtayalipa mfukoni. Chukueni taarifa ya miamala ya simu hiyo ya kipindi chote, hata kama ina mambo ya nyumbani ya mweka hazina. Mkaguzi wa hesabu ataitaka nzima, na kurasa zilizochaguliwa humfanya aulize zaidi.

Kama sehemu imeshatumika, kila ununuzi uwe na risiti ya EFRIS (mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA) pale muuzaji anapokuwa nayo, iliyotolewa kwa TIN ya asasi. Risiti ya kitabu kutoka kwa fundi wa kijijini iambatane na jina lake, namba ya simu, nakala ya kitambulisho, na sahihi yake mbele ya wajumbe wawili. Risiti zilizofutwafutwa kwa kalamu zisitengenezwe upya. Ziacheni zilivyo, mwandike pembeni kilichotokea na nani alisahihisha.